Land Rover ya mzee wetu na mafuta ya difu

Wazazi wengine wametuuliza: watoto wanarudi nyumbani Jumamosi wananuka mafuta, huko mnawafundisha nini? Swali ni la haki, na jibu letu lina aibu kidogo ndani yake.

Mnaijua ile Land Rover ya zamani inayobeba watu na mihogo siku ya soko. Usiku ndiyo hiyo hiyo inapeleka wagonjwa Koboko mjini. Ilianza kuacha doa jeusi kila iliposimama. Mzee mwenye gari akatuomba tuitazame pamoja na fundi anayetusaidia na vijana.

Mafuta yalitoka kwenye difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani kuna meno yanayopokea nguvu kutoka kwa shafti na kuigawia miguu miwili ya nyuma, ili kwenye kona tairi la nje lizunguke haraka kuliko la ndani. Meno hayo yanaishi ndani ya mafuta mazito. Mafuta yakiisha, yanakula yenyewe kwa yenyewe. Nyuma ya tumbo kuna mfuniko wa bati uliofungwa kwa bolti, na wa mzee ulikuwa umeoza kwa kutu, tundu limezibwa kwa sabuni! (Vijana waliuliza mbona Hilux haina mfuniko huo. Hilux nyuma imechomelewa, difu yake inatolewa kwa mbele.)

Sasa aibu yetu. Fundi alichelewa, sisi tukaona kazi ni rahisi, tukafungua bolti ya chini na kumwaga mafuta yote. Kisha tukaenda kwenye bolti ya juu, ya kujazia. Ikakataa kabisa. Kumbe ya juu ndiyo inafunguliwa kwanza, maana ukishamwaga na huwezi kujaza, gari imekufa. Ikalala pale wiki nzima. Usiku wa Jumanne mama mmoja wa kwetu akashikwa na uchungu, akapelekwa kwa bodaboda katika mashimo yale yote. Alijifungua salama, Mungu asifiwe, lakini sisi walimu usingizi hatukuupata. Tulikwenda kwake kuomba msamaha.

Jumamosi ya pili fundi alikuwepo. Bolti ile aliipaka dizeli, akaigonga pole pole, akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, ikalia na kulegea. Ndipo tukafungua mfuniko, tukibakiza bolti moja ya juu ili usituangukie. Mafuta yaliyobaki ndani yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia. Fundi akatuonyesha kipumulio, kimpira chembamba juu ya ekseli: kimejaa tope. Difu ikiwa moto na gari ikaingia mtoni, hewa ya ndani inapoa na kujivuta. Kipumulio kikiziba, inavuta maji kupitia tundu lolote. Vipande vya meno hatukuviona, ni unga laini wa chuma tu, na huo ni wa kawaida.

Mfuniko mwingine, uliotumika lakini mzima, ulitoka Arua. Kazi kubwa ilikuwa kukwangua gasketi ya zamani bila kuchubua chuma, kisha kupangusa kwa petroli mpaka kitambaa kitoke safi. Tulipaka silikoni, ikazunguka kila tundu la bolti. Bolti zinakazwa kwa kuvuka, moja huku na nyingine ng'ambo yake, kidogo kidogo. Anayekaza upande mmoja mpaka mwisho anapinda bati. Binti wa miaka 17 ndiye aliyekaza, mkono wake una subira kuliko wetu. Tukaacha silikoni ikauke mpaka kesho yake, ingawa mzee alikuwa na haraka, kisha tukajaza mafuta namba 90 mpaka yakachungulia kwenye tundu la juu, gari ikiwa imesimama sawa.

Mafuta machafu tuliyatia kwenye jerikeni yenye mfuniko, mbali na kisima. Mzee aliyachukua apake nguzo za ua wake, mchwa wamemsumbua.

Jumamosi ijayo tunafungua breki za gari hiyo hiyo. Mwenye nguo za kazi kuukuu ampe mtoto wake, zile za shule tafadhali zibaki nyumbani.