Je, wajua kinachoiua Datsun 240Z huko Timbwani?

Je, wajua kwamba gari dogo la spoti lenye milango miwili na viti viwili tu, lililoingia sokoni Marekani kwa dola 3,526, ndilo lililoshinda mbio za East African Safari mara 2 katika miaka 3? Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walimaliza wa kwanza wakiwa na Datsun 240Z, na waliowafuata, Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao walikuwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda aliyefanya Kenya kuwa kwao, safari hii akiwa na Lofty Drews. Alama zake zilikuwa sawasawa na za Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, ikabidi itazamwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Porsche 911, gari ghali zaidi na lenye jina kubwa zaidi, lilihangaika na Safari miaka hiyo yote likaambulia nafasi ya pili, mwaka 1972, 1974 na tena 1978.

Sasa lichukue gari hilohilo, lililokula mawe na tope la Afrika Mashariki likasalimika, uliegeshe Timbwani, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, mahali ambapo upepo wa bahari unafika hadi chumba cha kulala. Lifunike turubai, uliache. Hakuna shimo, hakuna pundamilia wa kugongana naye usiku. Baada ya miaka michache utainua zulia la ndani uone mchanga kupitia sakafu.

Anayetaka kulifufua gari la namna hii nyumbani kwake Pwani huanza kuuliza habari za injini. Mimi nasema injini ndiyo kazi nyepesi. Injini ya 240Z inaitwa L24: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kemshafti moja juu inayozungushwa na cheni. Haina kompyuta wala sensa. Kabureta zake 2 ni za aina ya SU, ambazo fundi yeyote aliyewahi kushika gari kuukuu la Kiingereza anazielewa: pistoni inapanda na kushuka ndani ya kopo, na sindano iliyoshikizwa chini yake inapima petroli. Ukitaka kujua kama kabureta ni nzima, inyanyue pistoni kwa kidole kisha iachie. Ikishuka bila kizuizi na kugonga chini kwa mlio mkavu, iko sawa. Ikikwama njiani, ifungue uisafishe kabla ya kuanza kulaumu plagi.

Wapo wanaoogopa kwamba injini za zamani haziwezi petroli ya leo isiyo na risasi, iliyoenea Kenya tangu mwaka 2006. Kwa injini nyingi za chuma tupu hofu hiyo ina msingi. L24 ina silinda hedi ya alumini, na alumini ni laini mno kukaliwa na valvu moja kwa moja, kwa hiyo kiwandani walitia pete ngumu za kukalia valvu. Petroli ya leo haiisumbui. Kinachoisumbua hedi hiyo ni maji ya radiata. Visima vingi vya Likoni vina maji ya chumvichumvi, na chumvi huitoboa alumini vishimo vidogovidogo kutoka ndani, mahali ambapo huoni chochote mpaka siku maji yatakapochanganyika na oili. Tia maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya radiata. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuchonga hedi.

Tuje kwenye bodi, maana hapo ndipo 240Z hufia.

Chuma hakioti kutu kwa kukutana na hewa tu. Kinahitaji hewa na maji, na kazi inayofanyika pale ni ya umeme kabisa. Sehemu moja ya bati inatoa elektroni na kuyeyuka, sehemu ya jirani inazipokea, na unyevu ulio katikati unafunga mzunguko, kama ndani ya betri. Maji safi hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo kutu ya bara hutembea polepole. Maji yenye chumvi huupitisha vizuri sana, na kloridi iliyomo hupasua hata ule utando mwembamba ambao ungelilinda bati.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chumvi haingojei mvua. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani na kugeuka maji yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, kiwango ambacho Mombasa hukifikia usiku mwingi wa mwaka. Na chumvi ya bahari si ya kawaida: imechanganyika na kloridi ya magnesiamu, ambayo huanza kulowa kwenye asilimia 33 hivi. Hewa kavu kiasi hicho Timbwani hutaiona. Maana yake ni kwamba gari lenye vumbi la chumvi limelowa mchana na usiku, Januari hadi Desemba, hata likiwa chini ya paa.

Tena paa lenyewe linaweza kumsaliti mwenye gari. Mvua ya masika, tunayoilaumu kila mara, huosha chumvi. Boneti na paa la gari lililoachwa nje hupata maji safi ya bure kutoka mbinguni. Uvungu, matao ya magurudumu na ndani ya milango havipati. Chumvi inaingia, inakaa, haitoki. Ndiyo maana gari la Pwani huweza kung'aa juu huku chini ni unga mwekundu. Turubai la plastiki linaongeza balaa, kwa kuwa linazuia mvua na kufungia unyevu humo humo. Gari la karibu na bahari linataka paa lenye upepo unaopita, na uvungu unaooshwa kwa maji matamu, yale ya bomba yanayotoka Tiwi au Marere. Ukiosha kwa maji ya kisima unaongeza chumvi juu ya chumvi.

240Z ina udhaifu wake wa kuzaliwa. Haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover; bodi yenyewe ndiyo chasisi. Mabati yake ni membamba, na nguvu yote ya gari imo kwenye maboksi yaliyochomelewa: vyuma viwili virefu chini ya sakafu, yale mapande yaliyo chini ya milango, na fremu ya mbele inayobeba injini. Yote ni matupu ndani, na kiwandani wakati huo hayakupakwa chochote cha maana upande wa ndani. Porsche walianza kutumia mabati yaliyotiwa zinki kwenye 911 za modeli ya 1976. Datsun hii ilikwisha kutoka kiwandani kabla ya hapo. Kutu inayafuata maboksi hayo kutoka ndani kwenda nje. Ukiona lengelenge dogo la rangi nyuma ya mlango, jua safari imekwisha. Unachokiona ni kituo cha mwisho. Na betri yake imekaa kwenye kisahani cha bati karibu na ukuta wa injini, ambako kila tone la asidi linashuka moja kwa moja kwenye fremu.

Kwa hiyo kabla hujalinunua gari kama hili, nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango na kuzunguka matao ya nyuma. Inaposhika, kuna chuma. Inapoteleza, kuna puti. Nimewahi kuona sumaku ikiteleza kutoka mbele ya mlango mpaka gurudumu la nyuma bila kushika hata mara moja, na bado mwuzaji akaapa kwamba bodi ni ya asili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa magari anayeumbuka huwa ni mnunuzi. Halafu lala chini na bisibisi, ugonge kwa mpini. Bati zima lina mlio wa kengele. Bovu lina mlio wa kadibodi.

Kazi yenyewe nyumbani inataka subira kuliko pesa, ingawa pesa haikosi kutoka. Ardhi ya Timbwani ni mchanga, kwa hiyo jeki na stendi ziweke juu ya ubao mpana, la sivyo zitazama ukiwa chini ya gari. Usikate bati la chini ya mlango kabla ya kuchomelea bomba la chuma kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine. Bodi ikiwa ndiyo chasisi, ukiikata bila kuifunga inajikunja katikati, na ukimaliza kuchomelea kwa ustadi wote mlango haufungi tena. Pima nafasi ya mlango kila hatua. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi na breki za zamani huweza kuwa na asbesto, basi vaa barakoa, lowesha maji, na usipulizie vumbi hilo watoto wa uani. Na tangi la petroli usilisogezee moto, hata kama limekauka tangu enzi za mwenye gari wa kwanza.

Kwa vipande vidogo kama bawaba, bolti na mabano, dawa iko dukani. Magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, kwa sehemu kubwa ni kabonati ya sodiamu. Jaza ndoo ya plastiki maji, tia vijiko kadhaa vya magadi, tumbukiza kipande chenye kutu ukikifunga kwenye waya hasi wa chaja ya betri, na upande wa pili tumbukiza chuma chakavu kwenye waya chanya, visigusane. Washa. Baada ya muda mapovu madogo yanapanda, maji yanageuka rangi ya chai, na kesho yake kutu inatoka kwa brashi kama tope jeusi huku chuma kizima hakijapungua. Mapovu hayo yana haidrojeni, kwa hiyo fanya nje, mbali na jiko na sigara. Chuma cha waya chanya kisiwe cha pua, maana kinaweza kutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji.

Mabati makubwa hayaingii ndooni. Hayo ni ya grinda, brashi ya waya na msasa. Pale brashi isipofika kuna dawa za kugeuza kutu. Nyingi zina asidi ya fosforiki au tanini, kundi lilelile la kemikali linalopatikana kwenye magome ya mikandaa. Tanini ikikutana na kutu inaifanya kuwa utando mweusi mgumu. Inasaidia, lakini haiwezi kurudisha bati ambalo halipo.

Wengine husikia kwamba meli huwekewa mapande ya zinki ili yaliwe badala ya chuma, wakafunga ya kwao chini ya gari. Ni pesa ya bure. Meli imo ndani ya maji ya bahari, na maji hayo ndiyo yanayounganisha zinki na kila sehemu ya chuma. Gari limo hewani. Zinki italinda eneo dogo tu lililo karibu nayo. Kwenye gari, zinki inafaa ikiwa imo ndani ya rangi ya chini.

Na kabla ya rangi hiyo, osha bati kwa maji matamu, tena na tena, likaushe upesi, ulipake siku hiyo hiyo. Ukilala na bati tupu Timbwani, asubuhi limeshapata wekundu. Sababu ya kuosha ni hii: rangi haizuii unyevu kabisa, hupenyeza kidogo. Ukiacha chembe za chumvi chini yake, chumvi inauvuta unyevu kupitia rangi, inajaza maji pale, na lengelenge linaanza. Fundi anayepuliza rangi nzuri juu ya bati lenye chumvi ameipanda kutu kwa mikono yake. Chagua siku kavu za kaskazi, mchana unyevu ukiwa umepungua, na usiguse bunduki ya rangi wakati wa masika. Mwisho kabisa, jaza maboksi yote matupu nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyoachwa na kiwanda. Hakuna mgeni atakayeiona, na hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Nissan wenyewe walijaribu biashara hii. Miaka ya mwisho ya 1990 walifufua 240Z huko Marekani na kuziuza kupitia mawakala wao, na mradi ukafa kabla magari hayajafika 40, kwa sababu gharama ilizidi bei. Mwaka 2013 wafanyakazi wao nchini Japani, wakijitolea katika klabu yao ya kufufua magari, walilirudisha barabarani gari lile lile lililoshinda Safari ya 1971.

Kwetu uhaba wa magari haya ni mkubwa zaidi. Sheria ya Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo zilizopo ni zile zilizofika zamani, na kila moja inayogeuka chuma chakavu haina mbadala. Kama unalo moja chini ya mwembe huko Likoni, au babu yako alikuachia, usianze kwa rangi wala kwa injini ya kisasa ya kubandika. Hakikisha namba ya chasisi inalingana na ya kitabu cha gari, toa turubai, na uoshe uvungu wiki hii.