Waratibu Wakifahamiana, Mgonjwa Hapotei Njiani

Mradi wa afya huandikwa kwenye karatasi, lakini huendeshwa na watu. Msimamizi anaweza kuwa na bajeti, ratiba na malengo yaliyopangwa vema, kisha akakwama kwa kuwa hamjui mtu wa kumpigia simu katika wilaya ya jirani. Udhibiti wa kifua kikuu nchini Tanzania ni mfano mzuri wa jambo hili.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushirikiano na Daktari Karel Styblo. Chini ya mpango huo, wilaya na mikoa ilipewa waratibu, na kila robo mwaka taarifa zilikusanywa: wangapi wameandikishwa, wangapi wamepona, wangapi wamefariki, wangapi wamekatiza dawa na wangapi wamehamia kwingine. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitumia uzoefu huo kujenga mkakati wa DOTS. Sifa nyingi huenda kwa dawa na hadubini. Hata hivyo, utaratibu huo uliwapa pia waratibu sababu ya kukutana na kufahamiana.

Umuhimu wa kufahamiana huko huonekana zaidi kwa wagonjwa wanaohama. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Katika muda huo mkulima huenda kuvuna, mvuvi hupiga dago, na mchimbaji mdogo hufuata habari za dhahabu. Mgonjwa hupewa fomu ya uhamisho, lakini fomu yaweza kubaki mfukoni. Mratibu anayemfahamu mwenzake haulizi kama fomu imefika. Huuliza kama mgonjwa amefika. Akijibiwa kuwa hajafika, ufuatiliaji huanza siku hiyo hiyo, kabla ya kukatizwa kwa dawa kuzaa usugu na kuwaambukiza wengine.

Mtandao wa kitaaluma hufaa katika mengine pia. Dawa zinapopungua, mratibu hujua kituo kipi kina akiba, kisha taratibu rasmi za kuhamisha dawa hufuatwa. Aliyeteuliwa juzi hupata mahali pa kuuliza bila kuona haya. Lakini mahusiano haya hayaoti yenyewe wakati wa shida. Hujengwa mapema, katika vikao, mafunzo na ziara za usimamizi. Hujengwa pia kwa kutoa: anayepiga simu akiwa na shida tu, siku moja simu yake haitapokelewa.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, siri ya mgonjwa: jina lake na vipimo vyake havina nafasi katika makundi ya simu, bali hupelekwa kwa mhusika pekee. Pili, mtandao usiwe mali ya mtu mmoja. Mratibu anapohamishwa, orodha ya watu anaofanya nao kazi iwe sehemu ya makabidhiano, kama zilivyo rejesta na funguo.

Mgonjwa naye ni kiungo cha mtandao huu. Kabla ya kusafiri, amweleze mhudumu aendako, achukue fomu na dawa za kumtosha njiani, na aulize jina la kituo atakachopokelewa. Mhudumu naye, baada ya kumuaga, ampigie simu mwenzake.