KUTAZAMA NDEGE MJINI KIGALI

Wengi wetu hudhani kwamba lazima mtu asafiri hadi mbuga ya Akagera ndipo aone wanyama wa porini. Sivyo. Hapa Muhima, mteremkoni juu ya Nyabugogo, jua likipata ukali mwewe hupanda na hewa ya moto bila kupiga mbawa, akiugeuzageuza mkia wake wenye pacha kama usukani.

Kazi hii haitaki fedha. Yataka kuamka mapema, nguo zisizong'aa, daftari na kalamu. Ukifika bondeni, jua liwe mgongoni mwako, kisha keti kimya. Mwanzoni huoni kitu, maana ndege wamekwisha kukuona wewe. Sikiliza kwanza. Andika saa, mahali, na alilokuwa akilifanya ndege. Jina waweza kulitafuta baadaye. (Wako wenzetu wanaohesabu majina tu, kama mabao ya mpira!)

Nimpendaye mimi ni korongo mwenye taji, ndiye umusambi. Zamani wengi walikamatwa wakafugwa katika bustani za nyumba na hoteli kwa ajili ya uzuri wao. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwakomboa. Wazima walipelekwa Akagera. Waliovunjika au kukatwa mbawa walipewa makao Umusambi Village, hekta 21 za kinamasi na nyasi papa hapa Kigali. Huko mtazame mmoja anapocheza. Huinama, hurukaruka, hukunjua mbawa zote mbili, nawe utaona moja ni fupi.