Neema Haivunji Mizani

Leo tufikiri pamoja juu ya swali linaloulizwa mara nyingi katika mafunzo ya Biblia: Sisi tulio chini ya neema, tuna shughuli gani tena na sheria ya Mungu? Wengine hujibu upesi, "Hatuna. Hiyo ilikuwa ya Wayahudi." Wengine huwatwika waamini mzigo wa amri juu ya amri, kana kwamba Kristo hakufa. Majibu yote mawili yamewaumiza watu wengi.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Waefeso 3:2 Mtume Paulo anataja uwakili wa neema ya Mungu. Kwa Kiyunani neno hilo ni oikonomia, maana yake usimamizi wa nyumba. Mwenye nyumba huyapanga mambo ya nyumba yake kwa majira. Mtoto mdogo huambiwa, "Usiguse moto!" Akisha kukua, baba yule yule humwambia, "Nenda ukawashe moto." Baba hakugeuka, wala nyumba si nyingine. Kilichobadilika ni utaratibu, kwa kuwa mtoto amekua.

Kutokana na neno hilo walimu wengine wa Biblia wamefundisha juu ya vipindi. John Nelson Darby, mhubiri aliyezaliwa London mwaka wa 1800, alieneza sana mafundisho hayo. Baadaye Mmarekani C. I. Scofield aliyatia katika maelezo ya Biblia yake iliyochapwa mwaka wa 1909. Yeye alihesabu vipindi saba: kutokuwa na hatia, dhamiri, utawala wa wanadamu, ahadi, Torati, neema, na ufalme. Si Wakristo wote wanaokubali hesabu hiyo. Wengi, hasa wanaofuata mafundisho ya Calvin, hupendelea kusema juu ya agano moja la neema lililofunuliwa hatua kwa hatua. Lakini wote wanakubali kwamba Mungu hakusema yote kwa siku moja.

Hapa tuwe waangalifu. Mtu asifikiri kwamba kila kipindi kilikuwa na mlango wake wa wokovu: watu wa kale kwa matendo, na sisi kwa neema. Mtazame Ibrahimu. Alihesabiwa haki kwa kuamini katika Mwanzo 15, lakini kutahiriwa kwake kumo katika sura ya 17. Naye Paulo asema katika Wagalatia 3:17 kwamba Torati ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Mtazame pia Daudi, mtu aliyeishi chini ya Torati. Alimtwaa mke wa Uria, kisha akamwua Uria kwa hila. Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa ajili ya mwuaji. Daudi angeleta ng'ombe wangapi? Alijitupa kwenye rehema za Mungu tu, akasamehewa. Ndiyo sababu Paulo anamtaja katika Warumi 4 kuwa shahidi wa neema. Vipindi vyaweza kuwa vingi, ila mlango ni mmoja.

Basi sheria ilitolewa kwa kazi gani? Ninyi wakulima wa kahawa mnaijua mizani ya kiwandani. Mizani haiongezi hata kilo moja katika gunia. Kazi yake ni kusema kweli. Mkulima akipungukiwa, hata akiipiga teke mizani, uzito wa gunia ni ule ule. Hivyo ndivyo Warumi 3:20 inavyotufundisha: kwa sheria tunaitambua dhambi. Sheria haiwezi kutuokoa, lakini bila sheria hatungejua kwamba tumepungukiwa. Neema haikuja kuivunja mizani. Ilikuja kwa Yesu Kristo, ambaye yeye peke yake alipimwa akaonekana mkamilifu, akasimama mahali petu.

Yako mambo yaliyokwisha. Waebrania 10 inaonyesha kwamba sadaka za wanyama zilikuwa kivuli. Kristo alipojitoa mara moja, kivuli kiliondoka. Katika Matendo 15 mitume na wazee walikutana Yerusalemu, wakakataa kuwalazimisha watu wa Mataifa kutahiriwa. Waliwaandikia mambo machache, na mojawapo lilikuwa kujiepusha na uasherati. Unaona? Desturi iliondolewa, utakatifu ukabaki. Kanisa la Anglikana lilisema vivyo hivyo katika kifungu cha 7 cha vile Vifungu 39 vya mwaka wa 1571, kwamba Mkristo hafungwi na ibada za Musa, lakini hakuna Mkristo aliye huru asizitii amri za mwenendo mwema. Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka wa 1563 iliziweka Amri Kumi katika sehemu inayohusu shukrani. Maana yake, aliyeokolewa hutii kama mtoto anayempenda baba yake. Hatii ili anunue nafasi nyumbani.

Mfano mzuri ni Zakayo, katika Luka 19. Bwana Yesu hakumsomea amri hata moja. Aliingia nyumbani mwake tu. Lakini Zakayo akasimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyedhulumiwa. Sasa fungua Hesabu 5:7. Sheria ilimtaka mtu anayeungama arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo aliipita sheria mbali sana! Neema haikumpunguzia haki, bali ilimfungua mkono. Ndivyo Yeremia 31:33 ilivyotabiri, kwamba Mungu ataiandika sheria yake moyoni.

Ndugu yangu, dada yangu, hapo ndipo penye hatari kwetu. Mweka hazina wa harambee amekula fedha za watu. Anasimama kanisani anasema, "Bwana amenisamehe," na watu wanaitikia kwa wimbo. Lakini mjane aliyetoa shilingi zake za mwisho bado analia, na fedha hazijarudi. Je, hiyo ni neema? Hiyo ni kuipiga teke mizani. Wazee wetu wa Uamsho, ulioanzia Rwanda ukaingia Kenya mwaka wa 1937, walielewa jambo hili. Waliookoka walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni yao. Hawakurudisha ili waokoke. Walirudisha kwa kuwa wameokoka.

Na wewe uliyelemewa, unayehesabu amri ulizovunja na kukata tamaa, usiikimbie mizani wala usijaribu kuidanganya. Mwende Kristo jinsi ulivyo. Alimpokea Daudi, naye Zakayo hakumwacha juu ya mti. Kisha inuka, na kama una kitu cha mtu mkononi, kirudishe wiki hii.

Tuombe: Ee Baba, tunakushukuru kwa sheria yako inayotuambia kweli, na kwa Mwana wako aliyetulipia deni. Iandike sheria yako mioyoni mwetu. Wape ujasiri walio na mali ya wengine, na uwafariji waliodhulumiwa. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.