Uzito wa Mwili: Tuanzie Wapi?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kanisani halitajwi mara nyingi, nalo ni unene. Labda mmoja wenu atauliza, "Kasisi ana shauri gani na tumbo langu?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Tutaanza na tumbo letu wenyewe.

Siku moja tuliitoa sandukuni ile kanzu nyeusi tuliyoshonewa wakati wa kuwekewa mikono, tukakuta vifungo vitatu vya katikati havifikii matundu yake. Mama nyumbani akacheka, akasema huenda kanzu imerudi kwa kufuliwa. Tukapenda kuamini hivyo. Lakini baadaye tulikwenda kupimwa, na muuguzi hakucheka hata kidogo. Mizani ilionyesha kilo 94, na urefu wetu ni mita 1.70. Sukari ya damu, asubuhi kabla ya kula, ilikuwa 6.4. Akatueleza kwamba ikifika 7.0, na kipimo cha pili kikithibitisha, mtu huambiwa ana ugonjwa wa kisukari. Basi sisi tulikuwa tumesimama mlangoni kwake.

Muuguzi yule akachukua kalamu. Akazidisha urefu kwa urefu, yaani 1.70 kwa 1.70, akapata 2.89. Kisha akagawanya kilo 94 kwa 2.89, jibu likawa 32 na nusu. Kwa mtu mzima, kuanzia 25 uzito umepita kiasi, na kuanzia 30 ni unene wa kuleta maradhi. Kila mmoja wenu aweza kufanya hesabu hii nyumbani. Asiye na mizani na achukue utepe wa fundi cherehani ajipime kiuno: mwanamume akipita sentimita 102, na mwanamke asiye mja mzito akipita 88, hatari ya kisukari na ya maradhi ya moyo imeongezeka sana.

Tena hatuko peke yetu. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, watu 27 walikuwa na uzito uliopita kiasi, na akina mama walikuwa wengi kuliko akina baba.

Je, unene hutoka wapi? Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori, kama vile mafuta ya taa yapimwavyo kwa lita. Nguvu inayozidi haja ya siku, mwili hauimwagi. Huigeuza kuwa mafuta na kuiweka akiba, kama mkulima awekavyo mahindi ghalani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba kuna majani ya kuchemsha au vidonge vya sokoni vitakavyoondoa kilo 10 za mafuta kwa juma moja. Ghala lililojazwa kwa miaka 15 halifagiliwi kwa siku 7.

Sasa hebu tuwaambie habari za chai. Sisi makasisi kazi yetu ni kuzuru watu, na katika nchi hii hakuna nyumba utakayoingia ukatoka bila kikombe. Chai yetu hupikwa na maziwa, na mara nyingi sukari hutiwa humo humo ndani ya sufuria, hata mgeni hajui ametiliwa kiasi gani. Tulikaa chini tukahesabu. Nyumba sita kwa siku, na kila kikombe kina vijiko vitatu vya sukari, hivyo ni vijiko 18. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu 4, basi jumla ni gramu 72, yaani kalori 280 na zaidi, kabla ya kuhesabu maziwa, mandazi na mkate uliopakwa siagi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za chakula cha siku, na ni vema zaidi ikipunguzwa hadi gramu 25, yaani vijiko sita. Sisi tulikuwa tukinywa sukari ya siku tatu kwa siku moja, tena kwa jina la utumishi.

Basi tulianzia hapo. Juma la kwanza hatukugusa kitu kingine chochote. Tulimwomba mama nyumbani asitie sukari katika sufuria, bali aiweke mezani. Tukatoka vijiko vitatu tukaja viwili, baada ya majuma mawili tukaja kimoja. Siku tatu za kwanza chai ilikuwa kama maji ya kuoshea vikombe, hatutaficha. Lakini ulimi nao hufundishika, na leo tukipewa chai ya zamani tunaiona kama asali. Soda tuliiacha kabisa, kwa maana chupa ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 hivi.

Baada ya chai tukageukia mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, na mpishi anayemimina kutoka kwenye mkebe hajui amemimina vijiko vingapi. Sukuma wiki ni chakula chema sana, lakini ikiogelea katika mafuta, wema wake umepungua. Nyumbani kwetu sasa mafuta hupimwa kwa kijiko, na chapati zimekuwa chakula cha Jumapili. Watoto walilalamika kwa mwezi mmoja.

Mwisho tukabadili sahani. Nusu yake ni mboga: sukuma wiki, kunde, managu, kabichi. Robo ni maharagwe, ndengu, omena, samaki au nyama kidogo. Robo iliyobaki ni ugali, wali au viazi. Wengi hufikiri kwamba lazima waache ugali. Ugali haukumkosea mtu! Shida ni mlima wa ugali na kijiko cha mboga kando yake. Mboga hujaza tumbo kwa maji na nyuzinyuzi bila kalori nyingi, na maharagwe humfanya mtu akae muda mrefu bila kusikia njaa. Wengine nao huanza kwa kushinda bila kula tangu asubuhi, kisha jioni wanakula cha watu wawili. Kufunga kwa ajili ya maombi ni jambo jingine, tusilitumie kama njia ya kupunguza tumbo.

Na mazoezi je? Kuna maneno katika waraka wa kwanza kwa Timotheo juu ya mazoezi ya mwili, ambayo wengi wetu tumeyafanya kiti cha kukalia. Sisi tuliyapenda tangu chuo cha theolojia, hasa saa za mpira zilipofika. Lakini sikilizeni habari hii ya mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kitini siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Waliona kwamba madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta. Mwaka 1956 wakachungulia hata vipimo vya suruali za sare, wakakuta viuno vya madereva ni vikubwa zaidi, hata kwa wale vijana, jambo lililowafanya waulize kama wanene ndio waliopendelea kuwa madereva tangu mwanzo. Hata hivyo, chunguzi nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba mwili usiotembezwa huharibika upesi.

Anayeanza asikimbie. Magoti yaliyobeba kilo 94 yatalia, naye ataacha juma la pili. Sisi tulianza kwa kutembea dakika 10 kwenda na dakika 10 kurudi, siku tano kwa juma, na kila juma tukaongeza dakika chache. Mwendo uwe wa kumwezesha mtu kuzungumza, ila akijaribu kuimba wimbo pumzi zimkatike. Lengo ni dakika 150 kwa juma au zaidi. Mara mbili kwa juma yafaa pia kuitia misuli nguvu: keti kitini, simama bila kushika kwa mikono, keti tena, mara 10. Hakuna gharama yoyote. Ile nyumba ya mshiriki iliyo kilomita mbili, ambayo tulikuwa tukiiendea kwa bodaboda, sasa tunaiendea kwa miguu.

Lakini asidhani mtu kwamba kutembea kutafuta makosa ya sahani. Nusu saa ya kutembea humtumia mtu wa kilo zetu kalori 150 hivi, na mandazi moja kubwa laweza kuzirudisha zote. Uzito hupungua zaidi mezani. Kutembea husaidia usirudi, tena hushusha sukari na shinikizo la damu hata mizani isipoonyesha kitu.

Tena si lazima mtu awe mwembamba ndipo apate faida. Huko Marekani watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda waligawanywa mafungu. Fungu moja lilifundishwa kupunguza chakula na kutembea dakika 150 kwa juma, shabaha ikiwa kupunguza sehemu 7 katika kila 100 za uzito. Fungu jingine lilipewa dawa iitwayo metformin, na jingine vidonge visivyo na dawa ndani yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Kuingia katika kisukari kulipungua kwa asilimia 31 kwa waliomeza dawa, na kwa asilimia 58 kwa waliobadili chakula na kutembea. Kwetu sisi sehemu 7 katika 100 zilikuwa kilo 6 na nusu tu.

Juma la kwanza mizani ilishuka kilo 2, tukafurahi mno. Sehemu kubwa ilikuwa maji. Baadaye ikawa nusu kilo kwa juma, mara nyingine hakuna. Tulipofika kilo 89 tulikwama majuma matano. Sababu yake ni kwamba mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko ule mkubwa, kwa hiyo kipimo kilichotosha mwanzo hakitoshi tena. Tulipunguza ugali kidogo, tukaongeza dakika 10 za kutembea, mizani ikaanza kushuka tena. Tunajipima mara moja kwa juma, siku ile ile, kabla ya chai. Kujipima kila siku ni kujitesa.

Wenye kisukari wanaotumia dawa au sindano wamwone daktari kwanza, maana chakula kikipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari yaweza kushuka kwa hatari. Vivyo hivyo wenye maumivu ya kifua, na akina mama waja wazito. Na anayekonda bila kujaribu aende kupimwa upesi.

Jambo ambalo hatukulitazamia ni maneno ya watu. Tulipopungua kidogo tu, minong'ono ikaanza: Kasisi ni mgonjwa? Mama hampikii? Tangu miaka ile ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipoingia nyumba nyingi, kukonda kumekuwa neno la hofu kwetu. Kitambi nacho ni dalili ya baraka, na kukataa chakula ni kumdharau mwenye nyumba. Mama mmoja mzee, mke wa mzee wa kanisa, alinuna kabisa tuliporudisha mandazi yake. Tangu siku hiyo tulijifunza kusema mapema, tungali mlangoni, "Mama, tafadhali tuwekee sukari kando, daktari ametuonya."

Baada ya miezi minane tulikuwa kilo 86 na nusu, na sukari 5.5. Juzi tulimzuru mama yule tena. Mezani palikuwa na birika mbili. Tukamshukuru kwa kutukumbuka, tukanyosha mkono kwenye ile isiyo na sukari.

"Usiimalize, Kasisi," akatuambia. "Mzee naye alipimwa juma lililopita."