Ncha au Upindo? Maelezo juu ya Miisho ya Kromosomu za Hamira

Utangulizi

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza jinsi miisho ya kromosomu za hamira ilivyoumbika na jinsi inavyobadilika vizazi hata vizazi. Pili, yanakusudia kupima majina tunayoweza kuipa miisho hiyo kwa Kiswahili. Mambo haya mawili hayatengani, kwani istilahi isiyodokeza kazi ya kitu haimsaidii mwanafunzi kufikiri. Humpa neno la kukariri tu.

Hamira inayozungumziwa hapa ni ile ile iumuayo mikate na maandazi, ambayo wataalamu huiita Saccharomyces cerevisiae. Kila kiumbe cha hamira ni seli moja. Seli yenye seti moja ya urithi ina kromosomu 16, yaani nyuzi 16 za DNA zenye miisho 32. Urithi huo umeandikwa kwa "herufi" nne za kikemia, A, C, G na T, na jumla yake hukaribia milioni 12.

Jina na kazi

Mnamo mwaka 1938 Hermann Muller, aliyechunguza inzi wa matunda, alieleza kwamba mwisho wa asili wa kromosomu haufanani na mahali ilipokatika. Barbara McClintock, kwa kuchunguza mahindi, alionyesha kuwa kromosomu zilizovunjika huungana mahali pa jeraha, ilhali miisho ya asili haiungani. Muller aliuita mwisho huo telomia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya "mwisho" na "sehemu". Jina hilo lataja mahali, wala halitaji kazi. Tukilifasiri kwa neno "ncha" tutakuwa tumelirithi pamoja na upungufu wake.

Kiswahili kina neno jingine: upindo. Nguo isiyopindwa hufumuka nyuzi, na fundi huikunja na kuishona ukingoni ili mwili wa nguo usalimike. Hebu tulijaribu neno hili tukiutazama mwisho wa kromosomu kutoka nje kuelekea ndani.

Upindo wenyewe

Pembeni kabisa mna herufi zipatazo 300, ambamo T moja hufuatwa na G moja, mbili au tatu, kisha T nyingine, na kuendelea. Marudio haya hayana utaratibu thabiti kama yale ya binadamu, yanayorudia TTAGGG. Hayaagizi protini yoyote itengenezwe. Kazi yake ni kushikwa na protini, hasa ile iitwayo Rap1, ili vyombo vya seli vinavyotengeneza DNA iliyokatika visiudhanie mwisho huo kuwa ni jeraha.

Lakini upindo huu hupungua. Seli inapojigawa, vimeng'enya vinavyonakili DNA haviwezi kuumaliza mwisho wenyewe. Pengo hilo huzibwa na kimeng'enya kingine, telomerezi, kilichogunduliwa na Carol Greider na Elizabeth Blackburn mwaka 1984 katika kiumbe cha majini kiitwacho Tetrahymena. Telomerezi hubeba kielezo chake cha RNA na kwa kukifuata huongeza herufi mpya. Upindo uliofupika hushikwa na Rap1 chache, hivyo hupata nafasi kubwa zaidi ya kurefushwa. Mwaka 1989 Victoria Lundblad na Jack Szostak walionyesha kuwa hamira iliyoharibiwa jeni moja ihusikayo na kazi hii hufupika miisho yake kidogo kidogo, na hatimaye seli nyingi hufa.

Hapa mfano wa fundi wapungua kidogo: upindo wa nguo hushonwa mara moja, ilhali huu hufumuka na kushonwa upya daima.

Pambizo na mageuzi yake

Nyuma ya upindo kuna eneo ambalo napendekeza liitwe pambizo. Humo mna kipande kiitwacho X, ambacho hupatikana karibu katika kila mwisho, na kipande kirefu zaidi, Y′, ambacho hupatikana katika baadhi tu, pengine kimoja, pengine kadhaa kwa mfululizo. Jirani navyo zimo familia za jeni, aghalabu za kutumia sukari na za kuzishikamanisha seli.

Kwa kuwa pambizo za miisho mbalimbali hushabihiana, hunakiliana kwa urahisi. Jeni ikishapata nakala ya pili, moja huweza kushika kazi ya zamani na nyingine ikabadilika. Jeni za kumeng'enya maltosi ni mfano mzuri: kutokana na asili moja ya kale imetokea familia ambayo baadhi ya jeni zake hushughulikia maltosi, na nyingine isomaltosi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 uliilinganisha hamira yetu na jamaa yake wa mwituni, Saccharomyces paradoxus. Ukaona kuwa pambizo za hamira yetu zimebadilika kwa kasi zaidi, ilhali kwa yule wa mwituni ni sehemu za ndani zilizopanguka zaidi.

Pambizo pia ni akiba. Mwaka 1993 Lundblad na Blackburn walieleza habari za seli chache zilizosalimika bila telomerezi. Baadhi yake zilikuwa zimenakili kipande Y′ mara nyingi na kukisambaza miishoni. Nyingine zilirefusha marudio ya upindo kwa kunakiliana.

Hitimisho

Mwaka 2018 watafiti wa Shanghai waliziunganisha kromosomu zote 16 zikawa moja yenye miisho miwili tu. Seli iliishi na kukua vema maabarani, ingawa ilishindwa iliposhindanishwa na hamira ya kawaida. Basi wingi wa miisho si sharti la uhai. Lakini kila mwisho uliopo sharti ulindwe.

Kwa hiyo napendekeza maneno matatu: ncha kwa mahali, upindo kwa kinga, na pambizo kwa eneo la mabadiliko. Mwanafunzi aliye nayo ataweza kuuliza ni kipi kati ya hivyo kilichopotea seli inapougua. Mwenye "ncha" peke yake hataweza. Ni matumaini yangu kwamba walimu wa sayansi na wa lugha watayajaribu maneno haya darasani na kuyakosoa.