Richard Leakey, Mtaalamu Aliyepoteza Miguu Yote Miwili

Katika nyumba ya makumbusho ya Nairobi, juu ya kilima kiitwacho Museum Hill, imehifadhiwa mifupa ya kijana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa hiyo ilichimbuliwa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mwaka wa 1984. Aliyekiona kwanza kipande kidogo cha fuvu lake alikuwa Bwana Kamoya Kimeu, Mkamba ambaye macho yake hayakuwa na mfano katika kazi hiyo. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Richard Leakey. Wasomaji wengi walijua jina lake, lakini si wote wajuao ya kwamba siku hiyo alikuwa akiishi kwa figo ya nduguye, wala kwamba miaka yake 28 ya mwisho aliimaliza bila miguu.

Alizaliwa Nairobi tarehe 19 Desemba, 1944. Baba yake, Dr. Louis Leakey, alizaliwa katika misheni ya Kabete mwaka wa 1903, akakua akisema Kikuyu kama watoto wenziwe. Richard alisoma katika shule ya Duke of York, kando ya barabara ya Ngong, ile ambayo baadaye iliitwa Lenana. Alipofika umri wa miaka 16 akaiacha. Akatega wanyama, akauza mifupa yao, akaongoza watalii. Cheti cha Chuo Kikuu cha kusomea hakukipata kamwe. Hata hivyo mwaka wa 1968, akiwa na miaka 23 tu, aliwekwa kuiongoza nyumba ya makumbusho.

Mwaka wa 1969 madaktari walimwambia figo zake zaharibika na hazitapona. Naye akarudi zake Koobi Fora kuchimba. Ilikuwa katika miaka hiyo ya ugonjwa, mwaka wa 1972, Bwana Bernard Ngeneo alipookota vipande vya fuvu lile lililojulikana duniani kote kwa nambari yake, 1470. Miaka kumi baada ya kupewa habari ile mbaya, Richard alizidiwa kabisa, na nduguye Philip akampa figo moja. Hivyo, msomaji, kama nduguye angalikataa, huyo kijana wa Nariokotome angalichimbuliwa na mwingine.

Mwaka wa 1989 Rais Moi alimtia katika kazi ya kulinda wanyama wa pori, na mwezi wa Julai mwaka huo tani 12 za pembe za ndovu zilichomwa moto katika Mbuga ya Nairobi. Majangili hawakumpenda, na wakubwa wengine pia. Kisha tarehe 2 Juni, 1993, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka. Yako maneno kwamba iliharibiwa makusudi, lakini jambo hilo halikuthibitishwa. Miguu yake ilipondeka, ikakatwa yote miwili chini ya magoti. Baada ya miezi michache alikuwa akitembea kwa miguu ya bandia.

Hapa yafaa tuseme kweli. Si kila mtu apatwaye na msiba wa namna hiyo aweza kupelekwa Uingereza akatibiwe. Mtu asiye na miguu akaaye Kawangware au Kangemi, akitaka kuja mjini kutafuta kazi, hushindwa na ngazi ya matatu kabla hajaulizwa anajua nini. Katiba ya mwaka wa 2010 yataka nafasi 5 katika kila 100 za kuchaguliwa na kuteuliwa zifikiwe na walemavu hatua kwa hatua. Ni sheria njema. Lakini ofisi nyingi zingali juu ya ngazi.

Wala Bwana Leakey hakuwa mtu mpole. Alipokuwa mkuu wa watumishi wa Serikali, toka 1999 hata 2001, maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini, na wako wasiomsema vizuri mpaka leo. Lakini hakuna aliyemwonea huruma kwa ajili ya miguu yake, na nadhani ndivyo alivyotaka. Akiisha kutoka Serikalini alirudia mifupa, akaanzisha Taasisi ya Bonde la Turkana pamoja na Chuo Kikuu cha Stony Brook cha New York. Figo ile ya kwanza ilipochoka, mkewe Meave, naye mtaalamu wa mifupa ya kale, akampa ya kwake. Mwaka wa 2015, akiwa na miaka 70, aliitwa tena kuwa mwenyekiti wa shirika la wanyama, na tarehe 30 Aprili, 2016, tani 105 za pembe zikateketezwa katika mbuga ile ile.

Alifariki tarehe 2 Januari, 2022, akiwa na miaka 77. Bwana Kamoya Kimeu alimfuata mwezi wa Julai, mwaka uo huo.